Kuitunza Furaha Katika Dhiki: Amri ya Kufurahi Inamhusu Nani?

Utangulizi

Hakuna mchungaji ambaye hajapata kuketi kwenye mkeka wa wafiwa, Biblia mkononi, asijue aifungue wapi. Katika saa ya namna hiyo wengi wetu hukimbilia mistari tuliyoizoea. Mmojawapo ni Wafilipi 4:4, ambapo Mtume Paulo anawaamuru wasomaji wake wafurahi katika Bwana sikuzote, kisha anairudia amri hiyo mara ya pili. Mstari ni mfupi, unakumbukika kwa urahisi, na unaonekana kutosha. Lakini je, tunapousoma mbele ya mtu aliyemzika mwanawe jana, tunamwambia nini hasa?

Makala hii inakusudia kulichunguza swali hilo. Tunalileta mbele ya wachungaji wenzetu na wanafunzi wa theolojia kwa sababu tumeona, katika utumishi na katika makosa yetu wenyewe, kwamba fundisho la furaha ya Kikristo laweza kuwa faraja, na laweza pia kuwa mzigo anaotwishwa mtu aliyekwisha kulemewa. Hoja yetu ni kwamba furaha inayoamriwa na Maandiko imekabidhiwa kwa ushirika wote wa waamini, na ndani ya ushirika huo kwa kila mmoja. Mwenye dhiki haamriwi kuizalisha peke yake. Anapoishiwa nguvu za kufurahi, wenzake huitunza kwa niaba yake mpaka atakapoweza kuipokea tena.

1. Mkeka mmoja huko Iramba

Mwanzoni mwa mwaka 2006, wakati ukame ulioanza mwaka uliotangulia ulipokuwa umeikaba sehemu kubwa ya nchi yetu, tulikuwa tumebarikiwa karibuni kuwa mchungaji na kupangiwa kazi katika usharika mmoja wa vijijini huko Iramba. Siku moja tulikwenda kumfariji mama mmoja mzee, mjane, msharika wa siku nyingi. Alikuwa amemzika mjukuu aliyekuwa akimlea. Uwele wake ulikuwa umenyauka kabla haujafika magotini, na mbuzi wawili waliosalia walikuwa wamekwisha kuuzwa ili kulipia matibabu ya mtoto. Tuliimba, tukasoma Wafilipi 4:4, tukaeleza kwa ufasaha wa mtu aliyetoka chuoni kwamba furaha ya Mkristo haitegemei hali yake. Mwishowe tukamsihi afurahi.

Yule mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, kwa upole na bila hasira: "Baba Mchungaji, nimesikia. Lakini umesoma furahini, hukusoma furahi. Basi leo furahini ninyi. Mimi nitawafuata nikipata nguvu."

Tulitoka pale tukidhani kwamba mama huyu amelikataa Neno. Ilituchukua miaka kadhaa kutambua kwamba alikuwa amelifafanua vizuri kuliko sisi. Sehemu zinazofuata ni jaribio la kueleza alichokiona.

2. Nchi ya kungojea mvua

Theolojia haifundishwi hewani. Washarika tunaowahubiria katika Mkoa wa Singida wanaishi katika nchi kame ya uwanda wa kati, yenye msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua hiyo kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, nayo haina mazoea ya kutimiza ahadi. Mara huja mapema ikakatika mbegu zikiwa zimeota, mara huchelewa mpaka mkulima anakula mbegu yake. Mgeni anayefika Singida mjini huyaona maziwa ya Singidani na Kindai akadhani kwamba nchi hii ina maji tele. Wenyeji wanajua kwamba maji hayo ni ya chumvi.

Watu wa hapa wamejifunza kuishi na hali hiyo. Wamelima mtama na uwele, mazao yanayovumilia jua kuliko mahindi. Wameongeza alizeti na vitunguu vinavyowapatia fedha, wanafuga ng'ombe, mbuzi na kuku, wanarina asali. Hata hivyo, miezi ya Januari hadi Machi, ghala likiwa limepungua na shamba likiwa bado bichi, inabaki kuwa miezi ya wasiwasi. Jirani zetu Wagogo bado wanakumbuka njaa kuu waliyoiita Mtunya, iliyowapata mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, pale ukame ulipokutana na majeshi yaliyokuwa yamekwisha kuchukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Mhubiri anayesimama mbele ya watu wa namna hii na kuwaambia kwamba dhiki si kitu, anawaambia jambo ambalo kila mmoja wao anajua si kweli. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa asiyeubeba, huonekana mwepesi sana. Ni rahisi kuhubiri furaha kwa mtu ambaye mzigo wake hatuubebi.

3. Waraka ulioandikwa kifungoni

Tukirudi kwenye Waraka kwa Wafilipi, jambo la kwanza linalotupasa kuliona ni lile alilolisikia yule mama. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika, chairete, ni amri kwa watu wengi. Kiswahili chetu kimelihifadhi jambo hilo katika kiambishi kidogo -ni. Paulo hamwandikii Mkristo mmoja aliyejifungia chumbani na huzuni yake. Anauandikia usharika mzima, pamoja na maaskofu na mashemasi wake (Flp. 1:1), na mistari miwili tu kabla ya amri hiyo anawataja wanawake wawili watenda kazi, Euodia na Sintike, ambao wamekosana. Furaha anayoiamuru inahusu jinsi watu wanavyoishi pamoja.

Jambo la pili ni kwamba mwandishi wa waraka huu wa furaha hafichi huzuni yake. Epafrodito, aliyetumwa na Wafilipi kumhudumia, aliugua karibu kufa. Paulo anakiri kwamba Mungu alimhurumia mgonjwa, na akamhurumia yeye Paulo pia, asipate huzuni juu ya huzuni (Flp. 2:27). Mtume hakuwa juu ya machozi. Hata Bwana wetu mwenyewe, usiku ule wa Gethsemane, aliwaambia wanafunzi watatu kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe pamoja naye (Mt. 26:38). Kama Mwana wa Mungu aliomba wenzi katika huzuni yake, ni nani atakayemlaumu mjane wa Iramba kwa kuomba hivyo hivyo?

Jambo la tatu mara nyingi hupita bila kuangaliwa. Katika nyakati zile mfungwa alitegemea sana jamaa na rafiki kwa chakula, mavazi na mahitaji mengine. Wafilipi walimpelekea Paulo msaada kwa mkono wa Epafrodito, na sura ya nne ni shukrani kwa ajili ya msaada huo. Paulo anawasifu kwa kushiriki naye katika dhiki yake (Flp. 4:14). Neno alilolitumia kwa dhiki, thlipsis, lina maana ya kubanwa, kama mtu aliyesongwa mahali pembamba. Basi waraka ambao twautumia kumwambia mtu ajitegemee katika furaha uliandikwa na mtu aliyekuwa akilishwa na wenzake. Paulo anaweza kusema kwamba amejifunza kuridhika katika kushiba na katika kuona njaa (Flp. 4:11-12), lakini hasemi kwamba alijifunza hayo peke yake.

4. Ombi la Habakuki

Msomaji makini anaweza kupinga: Je, nabii Habakuki hakufurahi peke yake? Katika Habakuki 3:17-18 nabii anahesabu mambo yaliyokosekana: mtini, mzabibu, mzeituni, mashamba, kondoo zizini na ng'ombe. Kisha anaazimia kumfurahia Bwana. Vitenzi viwili vya Kiebrania alivyovitumia viko katika nafsi ya kwanza, umoja. Ni yeye, si sisi.

Pingamizi hili ni la haki, nalo linastahili majibu matatu. Kwanza, nabii hakuanzia hapo. Kitabu chake kinaanza na malalamiko: mpaka lini atalia na Mungu asisikie (Hab. 1:2). Hata mstari mmoja kabla ya orodha ile anaeleza jinsi mwili wake unavyotetemeka (Hab. 3:16). Furaha ya sura ya tatu imepitia malalamiko ya sura ya kwanza. Mchungaji anayemtaka mtu aanzie mwisho wa kitabu amemnyima njia ya kufika huko.

Pili, nabii anaihesabu hasara yake kitu kwa kitu. Msharika wa Singida anayeisoma orodha hiyo haihitaji kufafanuliwa; akiweka uwele mahali pa mzabibu na alizeti mahali pa mzeituni, inakuwa yake. Imani haikumzuia nabii kusema wazi kwamba zizi ni tupu.

Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi kwa hoja yetu, tuangalie jinsi kitabu kinavyokwisha. Maneno ya mwisho ya Habakuki 3:19 ni maagizo kwa kiongozi wa waimbaji, pamoja na vinanda. Ombi la mtu mmoja limekabidhiwa kwa kwaya. Azimio ambalo nabii alilifikia kwa kutetemeka limewekwa katika vinywa vya watu wote wa Mungu, ili asiyeweza kulitamka leo alikute likitamkwa. Hivyo furaha ya mmoja imekuwa akiba ya wengi.

Aidha, tusisahau Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno lolote la furaha. Kanisa halikuiondoa. Imewekwa katikati ya zaburi nyingine, na jirani zake zinasema yale ambayo yenyewe haiwezi kusema. Mpangilio huo wenyewe unatufundisha uchungaji: mtu aliye katika Zaburi ya 88 yumo bado katika kitabu cha sala za watu wa Mungu.

5. Luther mbele ya kitanda cha Magdalena

Sisi Walutheri tuna urithi wa pekee katika jambo hili. Katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, Martin Luther alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba. Wa kwanza huita ubaya wema na wema ubaya. Wa pili hukiita kila kitu kwa jina lake halisi. Kwa hiyo theolojia ya msalaba haisemi kwamba mateso ni mazuri. Inasema kwamba Mungu alijificha pale ambapo hatukutazamia kumkuta, yaani katika udhaifu na kifo cha Yesu Kristo, na kwamba ndipo anapotukuta nasi.

Theolojia hiyo ilijaribiwa nyumbani kwa Luther mwenyewe. Mnamo tarehe 20 Septemba 1542 binti yake Magdalena alifariki akiwa na umri wa miaka 13. Siku chache baadaye Luther alimwandikia rafiki yake Justus Jonas. Katika barua hiyo alieleza kwamba yeye na mkewe Katharina walipaswa kumshukuru Mungu kwa furaha, kwa kuwa mtoto wao ameepushwa na mabaya ya ulimwengu huu. Lakini, alikiri, nguvu ya upendo wa wazazi ni kubwa mno. Hawawezi kufanya hivyo bila kulia na kuugua moyoni. Kisha akamwomba Jonas amshukuru Mungu kwa niaba yao.

Tusipite hapo upesi. Mwalimu huyu wa Kanisa, aliyefundisha nusu ya Ulaya juu ya imani, alifika mahali ambapo hakuweza kutoa shukrani aliyojua inampasa. Hakujisingizia kuwa anaiweza, wala hakuiacha shukrani yenyewe ipotee. Alimkabidhi ndugu. Alichokifanya Luther kwa barua, mama wa Iramba alikifanya kwa sentensi mbili akiwa kwenye mkeka wake.

Jambo hili si ajali ya maisha ya mtu mmoja. Katika Makala za Schmalkald za mwaka 1537, Luther anataja njia ambazo Injili hutufikia: Neno linalohubiriwa, Ubatizo, Sakramenti ya Altare, mamlaka ya funguo, na pia mazungumzo na faraja baina ya ndugu. Faraja ya ndugu imo ndani ya orodha ya njia za Injili. Mungu ametaka neno la neema litufikie kwa kinywa cha mwingine, kwa maana kinywa chetu wenyewe wakati wa dhiki mara nyingi hutushitaki.

6. Kanisa lililowahi kubebwa

Historia ya Kanisa letu katika sehemu hizi inatufundisha vivyo hivyo. Kazi ya Kilutheri katika Iramba ilianzishwa na Misioni ya Leipzig miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilileta kuondolewa kwa wamisionari wa Kijerumani, na kazi hiyo changa ikaachwa bila wale walioianzisha, hadi ilipopokelewa katika miaka ya 1920 na Misioni ya Augustana kutoka Marekani. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, jambo lile lile likatokea tena katika maeneo mengine ya Tanganyika. Safari hii Augustana, ambayo shamba lake lilikuwa hapa Iramba na Turu, iliombwa kuziangalia misioni zilizobaki yatima, huku wachungaji, wainjilisti na walimu Waafrika wakibeba sehemu kubwa ya kazi ya kila siku.

Gharama yake haikuwa ndogo. Mnamo tarehe 17 Aprili 1941 meli ya Misri iliyoitwa Zamzam, ikiwa na abiria wapatao 200, wengi wao wamisionari na jamaa zao, ilipigwa mizinga na meli ya kivita ya Kijerumani katika Atlantiki ya Kusini. Baadhi ya abiria hao, wakiwamo mama na watoto, walikuwa wakielekea Tanganyika kwa kazi ya Augustana. Waliokolewa majini na meli ile ile iliyowashambulia. Kwa hiyo Wakristo wa taifa moja waliitunza kazi iliyoanzishwa na Wakristo wa taifa jingine, hata wakati mataifa hayo yalipokuwa yakielekea kupigana na hatimaye kupigana. Makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana mwaka 1963 kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri, Kanisa la Tanganyika ya Kati likiwa mojawapo, hayakuwa yakianza kubebana. Tunapomfundisha msharika kukubali kubebwa, tunamfundisha jambo ambalo Kanisa lake limelipitia.

7. Furaha za bandia

Hapa hatuna budi kuonya juu ya mafundisho mawili yanayopendwa sana siku hizi. La kwanza ni lile linaloitwa injili ya mafanikio, linalosema kwamba mwamini wa kweli hapungukiwi wala haugui, na kwamba dhiki ni dalili ya imani haba au dhambi iliyofichwa. Fundisho hili linapofika katika kijiji kilichokosa mvua, linawafanya watu wote wa kijiji kuwa washitakiwa. Rafiki za Ayubu walilihubiri kabla yake. Walifanya vema walipoketi naye chini siku saba bila kusema neno (Ayu. 2:13), walikosea walipoanza kueleza.

La pili ni letu zaidi, nalo hujificha katika utauwa. Ni ile desturi ya kumhesabu anayelia kuwa mwenye imani dhaifu, na kumsifu mfiwa aliyekaza uso kuwa ndiye shujaa wa imani. Katika ushuhuda wetu na katika nyimbo zetu za mazishi twaweza kuwalazimisha watu kuvaa furaha kama vazi la kuazima. Maandiko hayatuagizi hivyo. Warumi 12:15 inatuamuru kufurahi pamoja na wafurahio na kulia pamoja na waliao. Haituamuru kuwafanya waliao waache kulia.

Je, kusema hivi ni kumwondolea Mkristo wajibu wake mwenyewe? Hasha. Mtume anasema katika Wagalatia 6:2 kwamba tuchukuliane mizigo, na katika mstari wa tano kwamba kila mtu atauchukua mzigo wake. Ametumia maneno mawili tofauti: la kwanza, baros, ni uzito unaolemea, la pili, phortion, ni furushi la kila siku la msafiri. Furushi lake kila mtu atalibeba. Uzito unaomvunja mtu mgongo ni wa wote. Tena furaha ni tunda la Roho (Gal. 5:22), na msingi wake ni ufufuo wa Kristo, ndiyo maana Bwana aliahidi kwamba hakuna atakayewaondolea wanafunzi furaha yao (Yn. 16:22). Kanisa si chemchemi ya furaha hiyo. Kanisa ni mtungi tu, na mtungi kazi yake ni kuhifadhi maji mpaka mwenye kiu aweze kunywa.

8. Wajibu wa mchungaji

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza mambo matano kwa watumishi.

Kwanza, tuite dhiki kwa jina lake. Kabla ya kusoma neno la furaha, tuseme wazi kilichotokea: mtoto amekufa, mvua haikunyesha, ghala ni tupu. Sala isiyotaja jeraha humwacha mgonjwa akidhani kwamba Mungu hajaliona.

Pili, tutambue nyakati. Siku ya mazishi watu ni wengi na maneno ni mengi. Matanga yakiisha, watu hutawanyika, na hapo ndipo huzuni inapoanza kazi yake. Ziara ya wiki ya tatu, na ile ya mwezi wa sita, zina thamani kuliko hotuba ndefu kaburini.

Tatu, tuirudishe sala ya maombolezo katika ibada. Zaburi za malalamiko zisomwe Jumapili, usharika ukiwa mzima, ili anayezihitaji asidhani kwamba yuko peke yake. Katika sala ya Kanisa tuwataje wenye dhiki. Na tunapoijongea Meza ya Bwana, tukumbuke kwamba shukrani hapo hutolewa na ushirika wote. Aliyeinama bila neno kinywani anashukuru kwa kinywa cha wenzake, naye hupokea mwili na damu ileile ya Bwana.

Nne, furaha iwe na mikono. Wakristo wa Makedonia, kwa habari ya 2 Wakorintho 8:1-4, walikuwa katika dhiki kubwa na umaskini mkuu, lakini furaha yao ilifurika ikawa ukarimu kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Katika mwaka wa ukame, usharika ulio na debe moja la mtama la kugawa umehubiri Wafilipi 4:4 kwa sauti ambayo mimbari haina.

Tano, mchungaji naye atafute wa kumbeba. Wengi wetu tunaishi mbali na wenzetu, tukihudumia mitaa mingi, tukigawana na washarika ukame ule ule. Mchungaji aliyezoea kuwa mfariji wa wote huona haya kukiri kwamba yeye mwenyewe amekauka. Tumsome tena Luther akimwandikia Jonas. Ndugu mtumishi, tafuta Jonas wako kabla hujamhitaji.

Hitimisho

Yule mama wa Iramba hakuonekana kanisani kwa miezi kadhaa. Tulikuwa tumekwisha kumhesabu miongoni mwa waliorudi nyuma. Baadaye tulikuja kujua kwamba katika muda huo wote wanawake wa mtaa wake walikuwa wakimwendea kila Alhamisi jioni. Walimchukulia ndoo ya maji na kitu kidogo cha kupika, wakaketi naye, wakaimba wimbo mmoja au wasiimbe, wakasali, wakaondoka. Hakuna aliyewaagiza. Hawakumhubiria. Hawakutuarifu pia, kwa sababu hawakudhani kwamba wanafanya jambo la kumwarifu mchungaji.

Katika Sikukuu ya Mavuno ya mwaka uliofuata, mvua ikiwa imerudi, alikuja na kikapu cha uwele akakiweka mbele ya madhabahu. Wimbo ulipoanza hakuimba. Katika beti la pili tulimsikia. Waliokuwa wameketi karibu naye, wale wanawake wa Alhamisi, walijua kwamba sasa amekuja kuichukua furaha yake mahali walipomtunzia.

Sisi tuliomsomea amri ile kwenye mkeka hatukuwa miongoni mwao. Ndiyo sababu tumeandika makala hii. Ibada ilipokwisha alitusalimu mlangoni, na tulipomwomba radhi kwa maneno ya siku ile, alitutazama kwa mshangao kidogo, akasema, "Neno lilikuwa jema, Baba. Lilihitaji watu tu."